Namna ya Kulinganisha Chipa kwa Visu Vyake: Mwongozo Kamili Kabla ya Kununua

Swali ninaloulizwa kuliko yote ni hili: "Chipa ya chapa gani ni nzuri?" Anayeuliza huwa ameshalinganisha bei, nguvu ya injini na hata rangi. Miezi michache baadaye anarudi na malalamiko niliyoyazoea: mashine inatoa nyuzi badala ya vipande, inatetemeka, tawi linadundadunda mdomoni na halivutwi. Tukifungua kifuniko tunakuta jambo lile lile. Visu.

Chipa, yaani mashine ya kukatakata matawi, inaweza kuwa na uzito wa tani, lakini kinachokutana na mti ni kipande cha chuma cha urefu wa shubiri moja au mbili, kilichofungwa kwa bolti chache. Ukikielewa kipande hicho, kulinganisha chapa kunakuwa kazi ya mchana mmoja. Mwongozo huu ni wa mtu aliyebakiwa na mashine mbili au tatu za kuchagua, mpya au zilizotumika, na anayeweza kuzisogelea kabla ya kulipa.

## Vitu vya kuandaa

- Kitabu cha maelekezo cha kila modeli unayoilinganisha. Kipate mapema, hata kama ni nakala ya kwenye simu. Muuzaji asiyekuwa nacho ameshakujibu maswali mengi.
- Rula ya chuma au kalipa ya kupima milimita.
- Geji ya nafasi, ile seti ya vibamba vyembamba vya chuma vilivyoandikwa unene wake.
- Mizani inayosoma gramu.
- Tochi, brashi ya waya na kitambaa.
- Glavu nene zisizopitisha makali, miwani ya kinga na kinga ya masikio.
- Spana ya torki, ile inayoonyesha nguvu unayokazia bolti.
- Matawi ya majaribio ya aina tatu: mabichi membamba yenye majani, mabichi manene na makavu magumu. Yawe ya mti mmoja, yagawe mafungu sawa kwa kila mashine.
- Turubai, ndoo mbili, daftari na saa ya kuhesabu sekunde.

Usiyaone matawi kuwa mzigo wa bure. Muuzaji akikuonyesha mashine, atakupa ubao laini ulionyooka, na ubao laini ulionyooka hukatwa vizuri hata na kisu kibovu.

## Hatua ya 1: Andika kazi yako kwa sentensi moja

Andika unene wa matawi utakayokuwa ukikata siku nyingi, si lile moja nene la mwaka mzima. Andika kama ni mabichi au makavu, kama yana panda nyingi, na vipande vitakwenda wapi: matandazo, mboji, matandiko ya mifugo au kuni za boila, yaani tangi la kuchemshia maji.

Sababu ni kwamba unene unadanganya. Tawi la sentimita 15 linaonekana limezidi kidogo tu lile la sentimita 10, lakini eneo ambalo kisu kinalikata ni mara 2.25. Mashine iliyoandikwa "sentimita 15" inaweza kulimeza tawi la namna hiyo, ila kulimeza siku nzima ni habari nyingine. Mimi huchagua mashine ambayo tawi langu la kila siku halizidi theluthi mbili ya kiwango chake.

Pima pia upana wa mdomo wenyewe, maana tawi lenye panda huingia kwa upana wa panda, si kwa unene wa shina.

Hatua imekamilika ukiwa na sentensi kama hii: "Matawi mabichi ya hadi sentimita 10, panda nyingi, vipande vya matandazo, saa sita kwa wiki." Ibebe kila uendako. Bila hiyo, kila mashine itaonekana nzuri.

## Hatua ya 2: Tambua mfumo wa ukataji kabla ya kutazama jina

Mifumo ni mitatu, na tofauti kati yake ni kubwa kuliko tofauti kati ya chapa mbili za mfumo mmoja.

Diski. Hapa visu vimelazwa juu ya uso wa sahani nzito ya chuma inayozunguka. Kila kisu kimechomoza kidogo juu ya uso huo, na mchomozo huo ndio unaoamua unene wa kipande. Kwa kuwa kisu kinapita kwa pembe ile ile kuanzia ukingo hadi ukingo wa tawi, vipande hutoka vikifanana. Uzito wa diski huhifadhi nguvu kama flaiwili, yaani gurudumu zito la injini, kwa hiyo injini ndogo inaweza kulipita fundo moja gumu bila kuzimika. Mabapa ya nyuma ya diski hupuliza vipande nje.

Udhaifu wake uko kwenye matawi membamba yaliyosokotana. Diski yenyewe haivuti sana, hivyo bila rola, ile mitungi inayozunguka mdomoni na kuvuta tawi ndani, utasukuma kwa nguvu zako, tena hapo ndipo watu wanapoanza kuingiza mikono pasipofaa.

Dramu. Visu vimefungwa kwenye mgongo wa silinda inayozunguka mbele ya tawi. Kisu cha dramu hukamata na kuvuta, ndiyo maana wanaokata vichaka na matawi ya panda wanaipenda. Lakini kisu hupita kwa mzunguko wa tao, kwa hiyo pembe kinayokutana nayo na mti hubadilika kati ya juu na chini ya gogo. Gogo linavyokuwa nene, ndivyo vipande vinavyozidi kutofautiana.

Skrubu. Badala ya visu vya kufungua, kuna koni ya chuma yenye ukingo mkali uliojizungusha kama uzi wa skrubu. Inavuta mti yenyewe. Urefu wa kipande hutegemea umbali kati ya mzunguko mmoja wa uzi na unaofuata, kwa hiyo ukitaka vipande vya urefu mwingine, unabadilisha koni nzima. Mfumo huu unawafaa wanaotengeneza vipande vikubwa vya boila.

Tahadhari. Ziko mashine zinazouzwa kando ya chipa ambazo ndani zina nyundo, hazina visu. Hizo huponda majani na vijiti, na kwa mboji ni nzuri mno. Ukizilisha matawi magumu kila siku, utazichosha bila kupata kipande hata kimoja kilichokatwa safi. Muulize muuzaji: "Ndani kuna visu, nyundo au vyote?" Akisita, omba kifuniko kifunguliwe.

## Hatua ya 3: Ziweke chapa kwenye makundi yake

Sasa majina yanaanza kuwa na maana. Usiilinganishe chapa na chapa, linganisha modeli na modeli, kwa sababu kampuni moja huweza kutengeneza mifumo miwili. Bandit ya Michigan, Marekani, ina chipa za diski na za dramu. Mtu akikwambia "nina Bandit", bado hajakwambia kisu chake kinakataje.

Kwenye diski utakutana na TimberWolf na Först za Uingereza, chipa za TP kutoka Linddana ya Denmark, na Farmi Forest ya Finland. Wenye trekta huelekezwa mara nyingi kwa Woodland Mills na Wallenstein za Kanada, ambazo zina modeli zinazoendeshwa na PTO, yaani shafti ya trekta inayopeleka nguvu ya injini kwenye mashine.

Kwenye dramu, Vermeer na Morbark za Marekani zinajulikana sana kwa wapogoaji wa miti. Vermeer BC1000XL, kwa mfano, ni ya dramu, inapokea hadi sentimita 30 hivi, na visu vyake vina makali pande mbili. Kwa kazi za viwandani za kutengeneza vipande vya nishati, Ujerumani kuna Jenz na Heizohack.

Laimet ya Finland ndiyo jina la kukumbuka kwenye skrubu.

GreenMech ya Uingereza inastahili aya yake. Badala ya visu vilivyonyooka, mashine zake kadhaa hutumia visu vya duara, mfano wa sahani ndogo zenye ukingo mkali. Sehemu inayokata ikichoka, unalegeza kisu, unakizungusha na sehemu mbichi ya ukingo inachukua zamu. Faida ya pili iko kwenye ajali: jiwe likigonga, mara nyingi linajeruhi sehemu ya duara moja, halikufutii makali ya upana mzima. Gharama yake ni kwamba kisu cha duara hakinolewi kwa fundi yeyote mwenye jiwe la kunolea visu vilivyonyooka. Kabla hujaupenda mfumo huo, hakikisha kuna anayejua kuunoa mahali unapoweza kufika.

Ukimaliza, daftari lako linapaswa kuwa na safu tatu: jina la modeli, mfumo wake, na namba ya kipuri cha kisu chake. Ile namba ya kipuri usiiruke. Itakusaidia Hatua ya 7.

## Hatua ya 4: Fungua mashine kwa usalama

Hatua fupi, lakini asiyeifuata asiendelee.

1. Zima injini, toa ufunguo, uuweke mfukoni mwako mwenyewe. Kama ni ya trekta, zima trekta na uchomoe shafti ya PTO. Yenye betri, chomoa waya wa betri.
2. Subiri. Diski nzito huendelea kuzunguka muda mrefu baada ya injini kunyamaza. Usiamini sikio lako, tafuta dirisha au ncha ya shafti uone kwa macho kwamba imesimama.
3. Vaa glavu, fungua kifuniko, kisha ingiza pini ya kufungia diski au dramu. Kama modeli haina pini, kitabu kitaeleza njia yake ya kuizuia.
4. Usigeuze diski kwa mkono ulioshika karibu na kisu. Tumia kipande cha mti.

Ili ujue unacheza na nini: kisu kilicho sentimita 30 kutoka katikati ya diski inayozunguka mara 1,000 kwa dakika husafiri mita 31 kwa sekunde, zaidi ya kilomita 110 kwa saa. Na hata diski ikiwa imesimama, uzito wake unaweza kuizungusha robo duara ukiwa na vidole ndani.

Kwa mashine zinazouzwa Ulaya, tafuta kwenye karatasi zake kiwango cha EN 13525, ambacho ni cha usalama wa chipa. Pia jaribu, kabla ya kuzima na kufungua chochote, ile fito ya kusimamisha rola mdomoni. Ukiigusa, rola zisimame mara moja. Isipofanya hivyo, funga daftari na uende mashine inayofuata.

## Hatua ya 5: Kisome kisu

Hapa ndipo pa kukaa muda mrefu. Safisha kisu kwa brashi mpaka uone chuma, kisha kagua mambo haya.

Pande za makali. Kisu cha upande mmoja kikichoka hakina njia ila kunolewa. Kisu cha pande mbili unakigeuza papo hapo na kazi inaendelea. Kwa mtu anayefanya kazi mbali na fundi, hili peke yake linaweza kuamua ununuzi.

Upana uliobaki. Kila kunoa kunapunguza upana wa kisu. Kitabu hutaja upana wa chini kabisa, na visu vingine vina mstari uliochorwa. Pima kuanzia mgongo hadi makali, kwenye ncha zote mbili. Kisu kilichopungua chini ya kiwango hicho hakishikiliwi vya kutosha na bolti zake, na chuma kinachochomoka kwa kasi tuliyoitaja hakizuiliwi na kifuniko chembamba.

Niliwahi kununua chipa iliyotumika bila kupima hili. Makali yalimeremeta, nikaridhika. Nilipopeleka visu kwa fundi, aliviweka juu ya meza, akapitisha rula, akanisukumia tena bila kuwasha jiwe. Vilikuwa vimebaki milimita mbili chini ya kiwango. Vilinolewa mara ya mwisho ili mashine iuzike. Tangu siku hiyo, sikitazami kisu kabla ya kukipima.

Pembe ya makali. Visu vingi vya chipa hunolewa kwa pembe ya takriban nyuzi 30 hadi 40. Pembe ndogo huingia kwenye mti kwa urahisi na kuipunguzia injini mzigo, lakini ncha yake ni nyembamba na hubanduka ikikutana na fundo kavu. Pembe kubwa huvumilia mti mgumu, ila huomba nguvu zaidi. Cha kufuata ni kipimo cha mtengenezaji. Unapokagua mashine iliyotumika, tafuta ishara kwamba kuna mtu aliipuuza pembe hiyo: mteremko wenye nyuso mbili au tatu, au uliojikunja kama mgongo wa kijiko. Hivyo ni visu vilivyonolewa kwa grainda ya mkononi.

Rangi. Angalia ukingo kwa tochi. Rangi ya bluu au zambarau maana yake chuma kilipashwa moto kupita kiasi wakati wa kunoa na ugumu wake umeondoka pale. Kitakata leo na kuwa butu kesho.

Aina ya chuma. Omba kujua daraja la chuma na ugumu wake. Chuma kinachotumika sana kwa visu hivi ni cha zana chenye kromiamu ya takriban asilimia 8, kinachojulikana kama A8 kilichorekebishwa, kwa ugumu wa karibu 55 hadi 59 kwenye kipimo cha Rockwell C. Kigumu zaidi hushika makali muda mrefu lakini hupasuka kikigonga jiwe. Laini zaidi hujikunja. Muuzaji wa visu vya bei ya kutupa asiyeweza kutaja lolote kati ya haya mawili anakuuzia bati nene.

Kitako na bolti. Kisu lazima kilale juu ya kitako safi, tambarare, bila kutu iliyojijenga wala uwazi chini yake. Bolti zisiwe zimeliwa vichwa. Angalia pia unazifikiaje: kuna mashine ambayo spana inaingia moja kwa moja, na kuna ambayo lazima uvue mkanda na kifuniko cha pili. Hesabu dakika. Utaifanya kazi hiyo makumi ya mara.

Uzito. Kama visu vimetolewa, vipime kwa mizani, hasa vinavyotazamana kwenye diski. Tofauti ya gramu 10 inaonekana ndogo, lakini kwenye kisu kilicho sentimita 25 kutoka katikati, kwa mizunguko 1,000 kwa dakika, inavuta beringi kwa nguvu sawa na uzito wa karibu kilo 2.8, ikizunguka nayo kila mara. Ndiyo maana visu hunolewa na kubadilishwa kwa seti, si kimoja kimoja.

Umefaulu hapa ukiweza kusema, kwa kila modeli, makali ni mangapi, yamebaki milimita ngapi, na inachukua dakika ngapi kuyafikia.

## Hatua ya 6: Usikisahau kisu tuli

Kisu kinachozunguka hakikati peke yake. Kinakata dhidi ya chuma kilichofungwa mdomoni, kisichosogea, ambacho nitakiita kisu tuli. Ni uhusiano ule ule wa bapa mbili za mkasi. Wengi hubadilisha visu vya diski mara tatu na hawajawahi kukigusa hiki, kisha wanalaumu chapa.

Pitisha kidole chenye glavu kwenye ukingo wake. Unapaswa kuhisi kona kali ya pembe mraba. Ukihisi mviringo, tawi litajipinda na kupenya katikati badala ya kukatwa, na magome yatatoka kama kamba.

Kisha pima nafasi kati yake na kila kisu kwa geji. Mashine nyingi huhitaji milimita 1 hadi 3, lakini namba halali ni ile ya kitabu cha modeli yako. Pima mwanzo, katikati na mwisho wa kila kisu. Nafasi ikitofautiana kutoka ncha hadi ncha, huenda kisu tuli kimepinda au kitako kina uchafu. Ikitofautiana kati ya kisu na kisu, visu havilingani upana au diski imeyumba.

Katika kulinganisha, uliza maswali mawili. Je, kisu tuli kinageuzwa? Baadhi ni fito yenye kona nne, na kila kona ni makali mapya. Je, nafasi inarekebishwaje, kwa skrubu au kwa kuongeza vibamba? Mashine ambayo nafasi hairekebishwi kabisa itakulazimisha kununua visu vipya mapema, kwa sababu kila kunoa kunaipanua.

## Hatua ya 7: Piga hesabu mbili

Hesabu ya kwanza: urefu wa kipande. Watu huhesabu visu kama wanavyohesabu silinda za injini, wakidhani vinne lazima vizidi viwili. Si hivyo. Gawanya kasi ya kulisha kwa idadi ya mikato ya dakika moja.

Diski yenye visu 2 na mizunguko 1,000 kwa dakika inakata mara 2,000. Rola zikilisha mita 20 kwa dakika, kila kipande kina milimita 10. Weka visu 4 kwa kasi ile ile, vipande vinakuwa milimita 5. Ni vizuri kwa mboji, ni vibaya kwa boila, na injini inakata mara mbili zaidi kwa tawi lile lile.

Ukitaka vipande virefu, tafuta visu vichache au rola za kasi inayorekebishika. Mashine zisizo na rola huachia uzito wa tawi na mvuto wa visu viamue kasi, kwa hiyo vipande vyake hubadilikabadilika.

Hesabu ya pili: gharama ya saa moja ya makali. Chukua ile namba ya kipuri uliyoandika na uulize bei ya seti, bei ya kunoa na idadi ya mara seti inavyoweza kunolewa. Nitatumia namba za mfano tu, weka zako.

Seti ya kwanza inauzwa 100, ina upande mmoja na inanoleka mara 5. Hayo ni makali 6. Kila makali yakidumu saa 20, umepata saa 120. Kunoa mara 5 kwa 10 ni 50. Jumla ni 150 kwa saa 120, yaani 1.25 kwa saa.

Seti ya pili inauzwa 160, ina pande mbili na inanoleka mara 4 kila upande. Hayo ni makali 10, saa 200. Kunoa pande zote mbili kwa pamoja ni 15, mara 4 ni 60. Jumla ni 220 kwa saa 200, yaani 1.10 kwa saa.

Seti iliyoonekana ghali imekuwa rahisi. Na tazama safari: ya kwanza ilikwenda kwa fundi mara 5 katika saa 120, ya pili mara 4 katika saa 200. Kila safari ni siku ambayo mashine imelala.

Tahadhari. Uliza kama kipuri kipo ghalani leo au "kitaagizwa". Mashine bora isiyopatikana visu ni mzigo wa chuma uani. Binafsi nisingenunua modeli yoyote bila seti ya pili ya visu na bolti zake kuondoka nami siku ile ile.

## Hatua ya 8: Jaribio la vipande

Funga kila kitu, kaza kwa torki ya kitabu, hakikisha pini ya kufungia imetolewa, kisha washa. Tandaza turubai mbele ya bomba la kutolea. Simama ubavuni mwa mdomo, si mbele yake. Usivae kitambaa kinachoning'inia wala glavu zenye mikono mipana, na usiingize mkono ndani ya mdomo kwa sababu yoyote. Tawi fupi lisukume kwa tawi jingine.

Lisha kwa mpangilio huu, na kila fungu lipokee kwenye turubai safi:

1. Matawi membamba yenye majani. Hapa unajaribu uvutaji. Angalia kama yanaingia yenyewe au yanakwama na kujisokota.
2. Matawi manene mabichi. Sikiliza injini. Ikishuka, rola za mashine yenye kihisi cha mzigo zitasimama, zisubiri kasi irudi, kisha ziendelee. Mashine isiyo na kihisi hicho itaendelea kusukuma mpaka izimike.
3. Matawi makavu magumu. Hapa unajaribu ncha ya makali. Jaribio hili liwe la mwisho kwa sababu ndilo linalochosha kisu.

Pima sekunde za kila fungu. Kisha piga magoti kwenye turubai, maana jibu liko hapo.

Chukua kipande kimoja cha tawi nene, ukiweke kati ya kidole gumba na cha shahada. Kipande kizuri kina nyuso mbili laini zilizokatwa, unaweza kuona pete za mti juu yake, na kingo zake zimenyooka. Kikunje: kinavunjika kwa mlio mdogo kufuata nyuzi zake. Sasa chukua kibaya. Uso wake una manyoya, ncha moja imepondwa, na gome limebaki likining'inia upande mmoja. Hicho hakikukatwa, kiling'olewa.

Jaza ndoo moja vipande vya kila mashine, utikise, uangalie chini. Vumbi likiwa jingi, kisu ni butu au mchomozo wake ni mdogo mno. Nyuzi ndefu zikiwa nyingi, tazama kwanza kisu tuli. Uwe mwadilifu lakini: makuti na magome ya nyuzi kama ya mkaratusi hutoa kamba hata kwenye visu vipya, kwa hiyo usiihukumu mashine kwa hayo.

Mafanikio ni ndoo ambayo vipande vyake vingi vinakaribiana urefu na ule uliopata kwenye hesabu ya Hatua ya 7. Vikiwa tofauti kabisa, kuna kitu hakiendi kama kitabu kinavyosema: mkanda unateleza, rola zinateleza, au kasi ya diski imeshuka.

Baada ya kuzima na kurudia Hatua ya 4 yote, fungua tena utazame makali. Kisu kilichopata mapengo kwa matawi safi ya nusu saa hakitakuvumilia mwaka.

## Hatua ya 9: Saa 20 za kwanza

Mashine imefika kwako. Kaza tena bolti za visu kwa spana ya torki baada ya saa ya kwanza ya kazi, au kama kitabu kinavyoelekeza, kwa sababu visu na vitako vipya hujikalisha. Usitumie mashine ya hewa kukazia. Hukaza kupita kiasi bolti moja na kuiacha nyingine imelegea, na hutaona tofauti kwa macho. Bolti iliyokwisha nyuzi itupe, wala usiitafutie kazi nyingine.

Usiburuze matawi kwenye mchanga kabla ya kuyalisha. Mchanga ulioingia kwenye gome huua makali haraka kuliko mti wowote mgumu. Mizizi iache kabisa, hata ukiiosha, kwa kuwa hukua ikiyazunguka mawe na kuyaficha ndani yake. Mbao za zamani zikague misumari moja moja.

Kila siku, andika kwenye daftari saa ulizofanya kazi na aina ya mti. Ukiona dalili ya kwanza, ambayo kwa kawaida ni tawi membamba kuanza kudunda pale lilipokuwa likivutwa kimya, simama hapo hapo na ugeuze au utoe visu. Kisu kilichowahiwa hunolewa kwa kuondoa nusu milimita hivi. Kilichocheleweshwa mpaka kiwe na mapengo huondolewa milimita mbili au tatu, na hizo ni kunolewa kwa mara nne hadi sita uliyokuwa umeshailipia.

Ukifika saa 20, chukua namba halisi za daftari lako uziweke kwenye hesabu ya pili ya Hatua ya 7, mahali pa zile za mfano. Ziandike kwa kalamu isiyofutika upande wa ndani wa kifuniko cha visu, pamoja na upana wa kila kisu ulipoanza nacho.